SOMO LETU: GOBORE, SHERIA NA MFANYAKAZI



Somo letu la leo linahusu bunduki ya kizamani, yaani gobore. Huenda mwenzetu mmoja akauliza: chama cha wafanyakazi hapa Kigali kina shughuli gani na gobore? Jibu ni hili. Wengi wetu tuna wazee vijijini, na baadhi yetu ni madereva na matingo wa malori yanayovuka Rusumo au mpaka wa Kongo. Silaha moja iliyokutwa darini kwa marehemu baba, au iliyofichwa chini ya magunia ya mahindi kwa niaba ya rafiki, yatosha kumtoa mtu kazini na kumpeleka gerezani. Kutojua sheria si udhuru. Basi tujifunze.

1. Gobore ni nini?

Gobore ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomoni. Mwindaji humimina baruti ndani ya mtutu, akatia kitambaa, kisha risasi au marisau, akashindilia kwa mdeki. Ile inayowashwa kwa jiwe la kiberiti huitwa gumegume. Nyingine huwashwa kwa fataki. Hupiga mara moja tu, kisha kazi huanza upya. Nyingi hufuliwa na wahunzi vijijini, na mtutu wake huweza kuwa bomba la maji. Bomba halikutengenezwa kustahimili mlipuko wa baruti. Likipasuka, anayeumia kwanza ni yule aliyelishika.

2. Sheria ya kwanza ilikuwa ya nani?

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Mkataba huo ulitangazwa kuwa wa kukomesha biashara ya utumwa, na ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha. Katika eneo la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa Ikweta, bunduki za kisasa zilizuiwa zisiuzwe ovyo. Lakini gumegume lisilo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, viliweza kuruhusiwa kuuzwa.

Tutazame maana yake. Mkoloni alijiwekea bunduki ya kisasa, na Mwafrika akaachiwa ile ya kizamani. Mwaka 1896, huko Shangi, majeshi ya Rwanda yalishindwa na kikosi cha Dola Huru ya Kongo kilichokuwa na bunduki. Kwa hiyo tunapoisoma sheria yoyote ya silaha, tuulize: inamlinda nani, na inamzuia nani?

3. Wenzetu wa ng'ambo

Huko Marekani gobore limepewa nafasi ya pekee. Sheria ya Silaha ya mwaka 1968 ya serikali kuu hailihesabu gobore la kale la kuwindia pamoja na bunduki za kawaida, ingawa kila jimbo lina kanuni zake. Majimbo mengi yana msimu maalumu wa kuwinda kwa gobore. Pennsylvania ilianza msimu wa gumegume mwaka 1974. Hoja yao ni kwamba bunduki ya risasi moja, isiyofika mbali, humpa mnyama nafasi ya kuponyoka.

Mnyama wanayemwinda huko hayupo katika mapori yetu. Pembe zake hudondoka na kuota tena kila mwaka. Wetu ni swala pala, pongo na nyamera, ambao pembe zao hazidondoki. Asije mtu akasikia habari za msimu wa Marekani akadhani unahusu pongo wa Akagera.

4. Katika nchi jirani

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania inaruhusu uwindaji kwa kibali chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009, na silaha zinatawaliwa na sheria ya mwaka 2015. Mwezi wa Septemba na Oktoba 2022 serikali hiyo ilitoa msamaha kwa watakaosalimisha silaha haramu kwa hiari. Rwanda na majirani zake walitia sahihi Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004 ili kudhibiti silaha ndogo ndogo.

Wako wanaosema, "Hili ni la kale, halihesabiwi." Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 inaziacha kando silaha za kale, lakini inasema wazi kwamba iliyotengenezwa baada ya mwaka 1899 haiwezi kuitwa ya kale. Maana yenyewe inaachiwa sheria ya kila nchi.

5. Hapa Rwanda

Silaha zinatawaliwa na Sheria Na. 56/2018, na bila kibali mtu asijidanganye kwamba uzee wa bunduki utamwokoa. Kuwinda ndani ya hifadhi za taifa ni kosa, iwe kwa gobore, kwa mkuki au kwa mtego.

Hapa pana maslahi yetu pia. Hifadhi ya Akagera, iliyoanzishwa mwaka 1934, ilipoteza simba wake wote baada ya vita. Simba walirudishwa mwaka 2015 na faru weusi mwaka 2017. Askari wa hifadhi, madereva, wapishi na wahudumu wa hoteli wanakula kwa sababu ya wanyama hao. Tangu mwaka 2005 sehemu ya mapato ya hifadhi hupelekwa kwa wananchi wanaozizunguka. Ilianza asilimia 5, ikafika asilimia 10 mwaka 2017.

Lakini haki ina pande mbili. Mkulima aliyeliwa shamba lake naye ana njaa. Sheria ya mwaka 2011 iliweka utaratibu wa fidia kwa hasara iletwayo na wanyamapori. Njia yake ni kudai fidia hiyo, na sisi tumsaidie kuandika madai yake, kuliko kumwacha atafute gobore.

6. Tufanye nini?

Ukikuta gobore katika urithi, usilijaribu na usilichokoe: huenda limeshindiliwa tangu zamani, na baruti kavu haizeeki upesi. Usilibebe barabarani. Toa habari kwanza kwa viongozi wa mtaa au polisi, wao waje walichukue. Dereva asipokee mzigo asioujua. Na mwenzetu akikamatwa, chama kiarifiwe mapema ili apate mtetezi.

Maswali ya kujadili katika tawi:

(a) Mkataba wa 1890 na sheria ya 2018 vinatofautianaje katika shabaha?
(b) Kwa nini gobore lisilo na namba ni gumu kulifuatilia?
(c) Katika kijiji chako, nani anajua jinsi ya kudai fidia ya shamba?

Umoja ni nguvu, na elimu ndiyo ngao yake.