Mchezo wa Kinyume na Msingi wa Kusoma

Wazazi wengi hulalamika kwamba mtoto wa chekechea hucheza tu ilhali Gredi ya Kwanza inamngojea. Baadhi yao humtaka mwalimu apunguze michezo na kuongeza daftari. Makala haya yanashikilia kuwa mchezo wenyewe ni somo, nayo yanatoa mfano wa kinyume.

Katika mchezo huu, silabi ya mwisho huhamishiwa mwanzoni: nyumba huwa mbanyu, kitabu huwa bukita. Ili aseme hivyo, sharti mtoto aligawe neno vipande, ingawa hajafunzwa istilahi yoyote. Stadi hiyo ndiyo atakayoihitaji asomapo, kwa kuwa silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, na irabu zenyewe ni tano tu. Walio wadogo zaidi waanze kwa makofi: ma-ma, makofi mawili, ki-ta-bu, matatu. Neno m-tu nalo lina mawili, maana /m/ hapo ni silabi kamili. Mtoto aliyekariri alfabeti pekee huenda asiligundue hilo.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, umetenga miaka miwili ya chekechea kabla ya gredi hiyo. Sisi wanafunzi wa Kiswahili, ambao wengi wetu tutakuwa walimu, tusikubali miaka hiyo imezwe na daftari. Tukusanye michezo ya lugha ya watoto, tuichanganue, kisha tuirejeshe darasani ilikostahili kuwa tangu awali.