Maumivu na Viungo Vilivyokaza: Maswali na Majibu kwa Mwanafunzi wa Fiziotherapia, Kitale na Bungoma

Maswali haya ni ya kujiandaa kwa mtihani wa karatasi na ule wa vitendo. Wagonjwa wa mfano ni wa aina utakayoikuta kwenye kliniki za Kitale na Bungoma: kijana wa boda aliyevunjika mguu, mkata miwa mwenye maumivu ya mgongo, mama aliyemaliza msimu wa palizi hawezi kunyanyua mkono. Ukikariri mbinu bila sababu zake, mtahini atakuuliza "kwa nini?" mara moja tu, na hapo utakwama.

Swali la 1: Mgonjwa anasema bega linamuuma. Utaanza na mbinu gani?

Hakuna. Anza kwa kumpima. Mwambie anyanyue mkono mwenyewe, kisha unyanyue wewe akiwa amelegea, halafu asukume dhidi ya mkono wako bila kiungo kusogea. Akishindwa mwenyewe lakini kwa mkono wako bega likafika juu, tafuta tatizo kwenye misuli, kano au neva. Ikiwa mara zote mbili, akinyanyua mwenyewe na ukinyanyua wewe, linagota mahali pamoja, kiungo chenyewe kimekaza. Bega lililoganda hupoteza zaidi mzunguko wa kwenda nje, na wenye kisukari hulipata kuliko watu wengine, kwa hiyo uliza habari za sukari.

Andika nyuzi ulizopata kwa goniomita. Usipoandika ya leo, wiki ijayo utabaki kusema "naona ana nafuu", na hiyo si rekodi.

Swali la 2: Taja gredi za nguvu za misuli.

0: hakuna kitu. 1: msuli unacheza lakini kiungo hakisogei. 2: kiungo kinasogea kikiwa kimeegemezwa, uzito wake ukiwa umeondolewa. 3: kinapanda dhidi ya uzito wake. 4: kinastahimili kiasi cha ukinzani. 5: kawaida.

Swali la 3: Kwa nini kusugua au kutikisa kiungo taratibu hupunguza maumivu?

Mwaka wa 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza nadharia ya lango. Neva nene zinazobeba habari za mguso na mwendo, na neva nyembamba zinazobeba maumivu, hukutana kwenye uti wa mgongo. Zile nene zikiwa na kazi nyingi, habari za maumivu hupungua kabla ya kufika kwenye ubongo. Ndivyo mashine ya TENS, ya kusisimua neva kwa umeme kupitia ngozi, inavyofanya kazi ikiwekwa kwenye masafa ya juu, karibu Hz 80 hadi 120: mgonjwa anahisi mchonyoto, maumivu yanarudi nyuma.

Sehemu ya pili ya jibu ndiyo wengi wanayoiacha. Nafuu hiyo huwa ya muda mfupi. Mikono yako na mashine zako zinakununulia dakika kadhaa ambazo mgonjwa anaweza kusogea bila kuogopa, na dakika hizo ni za mazoezi. Ukimkanda vizuri kisha ukamruhusu aende zake, amelipa nauli ya matatu kutoka Kimilili kwa ajili ya usingizi mzuri wa usiku mmoja.

Swali la 4: Eleza gredi za Maitland na matumizi yake.

Geoffrey Maitland wa Australia aligawanya mitikiso ya kiungo hivi. Gredi I ni mitikiso midogo mwanzoni mwa mwendo. II ni mikubwa isiyofika ukingoni. III ni mikubwa inayofika ukingoni. IV ni midogo, pale pale ukingoni. I na II ni za maumivu, III na IV ni za ukakamavu. Bega linalomuamsha mtu usiku usiliguse kwa gredi IV, hata kama limekaza.

Swali la 5: Mwendesha boda wa miaka 26 kutoka Kiminini alivunjika mfupa wa muundi. Plasta iliyopita juu ya goti imetolewa baada ya wiki 8, na daktari amethibitisha kwa eksirei kuwa mfupa umeunga. Goti linakunjika kutoka nyuzi 10 hadi 45. Msuli wa mbele wa paja ni gredi 3. Eleza mpango wako.

Swali hili lina alama nyingi, lipe muda.

Kwanza tazama na uguse. Ngozi itakuwa kavu na yenye magamba, paja limepungua. Shika shavu la mguu. Ikiwa limevimba, lina joto na linauma ukilibonyeza, simama hapo hapo: huenda ni damu iliyoganda mshipani. Usikande, mwite daktari. Mwanafunzi aliyesahau jambo hili hawezi kuokolewa na mengine yote aliyoandika.

Pakiwa salama, weka joto la unyevu kwa dakika 15 hivi. Kisha anza na pia ya goti. Isukume kwa ukingo wa kiganja kuelekea chini, polepole, goti likiwa limelegea. Baada ya plasta pia hushikamana, na isiposhuka goti halikunjiki hata ulilazimishe vipi. Ikianza kuteleza, hamia kwenye kiungo chenyewe. Uso wa juu wa muundi umebonyea na wa mfupa wa paja umebenuka mviringo, kwa hiyo muundi huteleza kufuata upande uleule unakokwenda mguu: usukume nyuma ukitaka goti likunjike, uvute mbele ukitaka linyooke.

Baada ya hapo mkalishe ukingoni mwa kitanda. Mkunje hadi anapogota, umwambie asukume mguu mbele dhidi ya mkono wako bila kuusogeza, kwa sekunde 6 hivi. Alegee. Sasa mkunje tena. Mara nyingi utapata nyuzi chache papo hapo, na uso wake utakuonyesha. Mara moja mwache asogee mwenyewe ndani ya nyuzi hizo mpya, aukunje na kuukunjua, ili msuli uzikamate.

Usisahau kunyooka. Goti lisilonyooka humfanya achechemee maisha yake yote. Aweke taulo iliyokunjwa chini ya kisigino, akaze paja, agandamize goti kuelekea kitandani.

Malengo yaandikwe kwa maisha yake. Kutembea tambarare kunahitaji takriban nyuzi 60 hadi 65, kuinuka kitini zaidi ya 90, na kuchuchumaa kwenye choo cha shimo kama 130. Vitabu vingi vya ng'ambo huridhika na kiti. Kijana wa Kiminini akifika nyuzi 100 na choo cha nyumbani ni cha shimo, kazi bado haijaisha.

Swali la 6: Mkata miwa wa upande wa Bukembe ana maumivu ya kiuno yanayoshuka hadi kwenye shavu la mguu. Utajuaje kama ni kazi yako?

Uliza kwanza dalili za hatari. Je, sehemu za siri na pande za ndani za mapaja zimekufa ganzi? Mkojo unamgomea au unatoka wenyewe? Miguu yote miwili inadhoofika? Jibu la ndiyo linampeleka hospitali leo hii kwa uchunguzi wa upasuaji. Kisha uliza kuhusu homa, jasho la usiku, kupungua uzito na maumivu yasiyotulia hata akilala. Huku kwetu kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo. Kukunja na kusukuma mgongo ambao pingili yake imeliwa na kifua kikuu kunaweza kumpoozesha mtu.

Akiwa hana dalili hizo, mpime kwa njia ya Robin McKenzie wa New Zealand. Mwaka wa 1956 mgonjwa wake alilala kifudifudi kwa bahati kwenye kitanda kilichoinuliwa upande mmoja, mgongo ukapinda nyuma, na maumivu ya mguu yakatoweka. McKenzie angeweza kulipuuza jambo hilo. Yeye alilichunguza kwa miaka mingi. Mlaze mgonjwa kifudifudi, ajiinue kwa mikono huku nyonga zikibaki chini, mara 10. Maumivu yakitoka kwenye shavu la mguu yakapanda hadi pajani, kisha kiunoni, ni ishara njema, hata kama kiuno chenyewe kimezidi kuuma kidogo. Mweleze hivyo mapema, la sivyo ataacha. Yakishuka zaidi mguuni, acha zoezi hilo.

Usimwambie alale tu kwa wiki mbili. Atembee, afanye kazi nyepesi.

Swali la 7: Joto au barafu?

Jeraha jipya lililovimba, barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 10 hadi 15. Kiungo kilichokaza kwa muda mrefu, joto. Kabla ya vyote viwili jaribu kama ngozi inatambua moto na baridi; mwenye kisukari anaweza kuungua bila kujua.

Swali la 8: Mgonjwa amefungwa vijiti na mfungaji mifupa wa kijijini. Mkono umevimba na anaumwa kupita kiasi. Utafanya nini?

Mnyooshe vidole taratibu. Akipiga kelele, shinikizo limepanda ndani ya misuli na damu haipiti vizuri. Legeza vifungo vyote na umpeleke kwa daktari wa upasuaji bila kuchelewa. Misuli huanza kufa ndani ya saa chache, na mkono uliojikunja baada ya hapo hakuna mazoezi yatakayourudisha ulivyokuwa. Usimgombeze. Alikwenda kwa mtu aliye karibu naye, na kesho jirani yake ataamua pa kwenda kwa kutazama jinsi ulivyompokea.

Swali la 9: Nani anaruhusiwa kutoa tiba hii Kenya?

Aliyesajiliwa na Baraza la Fiziotherapia lililoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2014.

Swali la 10: Mgonjwa anaishi Cheptais na hawezi kuja mara tatu kwa wiki. Panga mazoezi ya nyumbani.

Yasizidi matatu. Karatasi yenye mazoezi kumi na mawili hubaki mfukoni. Yafunge kwenye kazi anazofanya tayari: anyooshe goti akisubiri chai ichemke, apandishe vidole ukutani kila anapotoka kuoga. Chupa ya nusu lita iliyojaa maji ni uzito wa nusu kilo, na kamba iliyopitishwa juu ya boriti ni kapi ya bega. Mfundishe pia anayeishi naye. Kabla hajaondoka, mwambie akuonyeshe yote matatu bila wewe kusema neno. Atakapokosea ndipo pa kufundisha tena. Tarehe ya kurudi ichague pamoja naye, iangukie siku anayoteremka mjini kwa shughuli zake nyingine.