Kukaza Kisu: Somo kwa Vikundi vya Vijana Wahunzi

Tunazishauri kamati za parokia zinazolea vijana wahunzi zisianze kwa kuomba tanuri la umeme. Kisu cha jikoni hukazwa vizuri kwa makaa, sumaku, mafuta ya kula na sufuria ya mchanga. Fedha ya wafadhili itangulie kununua miwani ya kukinga macho.

Chuma kinachofaa ni bamba la springi ya gari, lisilo na nyufa. Nondo ya kawaida haikazi hata ichomwe namna gani, maana kaboni yake ni kidogo. Chuma chenye rangi au kilichopakwa zinki kisitiwe motoni. Moshi wake ni sumu.

Kisu kikishapata umbo, makali yaachwe na unene wa kama milimita 1, yasije yakapinda au kupasuka. Fanyeni kazi kivulini, ambako rangi ya moto huonekana. Kipasheni polepole mkigusisha sumaku. Kwenye nyuzi 770 hivi za Selsiasi sumaku huacha kushika. Ongezeni moto kidogo, wekundu uanze kuelekea rangi ya chungwa, kisha mkitumbukize ncha kwanza katika mafuta yenye uvuguvugu wa nyuzi 50. Maji hupoza haraka mno, na springi huweza kupasuka. Chombo kiwe cha chuma, mfuniko uwe karibu: mafuta yakiwaka, funikeni, msimwage maji. Tupa ikiteleza kwenye makali bila kula, kisu kimekaza.

Hapo anayeanza hufurahi na kwenda kuuza. Asiuze! Kisu hicho ni kama kioo. Kikianguka huvunjika, na kipande kinaweza kumrukia machoni mama aliyekinunua. Siku hiyohiyo kisugueni kwa msasa king'ae, kisha mkilaze mgongo chini kwenye mchanga wa moto mpaka makali yawe na rangi ya majani makavu, yaani nyuzi 200 na ushei. Yakigeuka buluu yamelegea mno. Anzeni upya kukaza. Oveni ya mkate, saa 2 kwa nyuzi 200, ni bora zaidi, na huenda masista jirani wanayo.

Baada ya kunoa, kandamizeni makali taratibu juu ya kipande chembamba cha shaba. Yakipinda kidogo na kurudi, kisu kiende sokoni. Yakimeguka, kirudi mchangani.