Mvua Moja, Mavuno Mara Mbili



Hapa Chiungutwa tuna msimu mmoja wa mvua. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba. Hukoma Aprili au mwanzo wa Mei. Wenzetu wa Bukoba hupata vuli na masika. Sisi tunapata mvua moja, na wengi wetu tunavuna mara moja.

Je, ni lazima iwe hivyo? Tazama shamba la mahindi ya muda mfupi mwishoni mwa Februari. Majani ya chini yamekauka. Mahindi hayahitaji tena maji mengi. Lakini mvua bado inanyesha. Maji hayo yanaotesha nini? Yanaotesha magugu. Tukipanda choroko au kunde, maji hayohayo yatatupa mboga, akiba na fedha.

HESABU SIKU

Choroko hutoa maua siku 40 hivi baada ya kupandwa. Huanza kuvunwa baada ya siku 65 hadi 75. Sasa tufanye hesabu.

Mkulima wa kwanza anapanda tarehe 20 Februari, katikati ya mistari ya mahindi. Maua yanatoka mwanzo wa Aprili. Mvua bado ipo. Maganda yanajaa.

Mkulima wa pili anangoja mpaka avune mahindi yote. Anapanda tarehe 25 Machi. Maua yanatoka mwanzo wa Mei. Mvua imekwisha. Maua yanapukutika na maganda yanabaki membamba.

Ardhi ni ileile. Mbegu ni ileile. Tofauti yao ni siku 33 tu. Basi usingoje shamba liwe tupu.

Tazama pia udongo wako. Juu, kwenye uwanda wa Makonde, kama kule Newala, udongo ni wa mchanga na maji huzama upesi. Mkulima wa huko asichelewe hata kidogo. Mwenye shamba la bondeni, penye udongo mzito, ana nafasi kidogo zaidi.

FANYA HIVI

1. Pima mbegu. Hesabu mbegu 100. Zifunge katika kitambaa chenye unyevu. Baada ya siku 5 hesabu zilizoota. Zikiota 80 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota 50, tafuta mbegu nyingine, au panda mara mbili ya kawaida.

2. Palilia mahindi kwanza. Ondoa majani ya chini yaliyokauka ili mwanga ufike chini.

3. Panda mstari mmoja katikati ya mistari miwili ya mahindi. Weka mbegu 2 kila shimo. Acha sentimita 20 toka shimo hadi shimo. Fukia sentimita 3 hadi 5.

4. Palilia mapema, kabla ya maua. Kazi hii asiachiwe mama peke yake. Fedha itakapopatikana, wote mtakula.

5. Kagua maua na maganda kila siku chache. Ukiona wadudu, muulize bwana shamba au bibi shamba dawa ifaayo na kipimo chake. Usitumie dawa ya mikorosho kwa kukisia.

6. Chuma maganda yanapokauka. Usingoje yote, maana ya kwanza yatapasuka na kumwaga mbegu.

MIZIZI INAYOLISHA UDONGO

Choroko inapotoa maua, chimbua mche mmoja kwa jembe, taratibu. Utaona vinundu vidogo kwenye mizizi. Si ugonjwa. Ndani yake wamo vijidudu ambao huchukua hewa na kuifanya kuwa mbolea. Pasua kinundu kimoja. Kikiwa chekundu ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe au kijani, hakifanyi kazi.

Baada ya kuvuna usichome mabua wala majani. Yaache yaoze shambani. Ukiyachoma, unachoma mbolea yako mwenyewe.

JE, SOYA?

Soya nayo ni ya jamii ya kunde, na ina chakula kingi cha kujenga mwili. Lakini soya nyingi huchukua miezi 3 hadi 4 kukomaa. Ukiipanda Februari, mvua itaiacha njiani. Soya ipandwe mapema, mvua zinapokuwa zimeshika. Tena soya huhitaji vijidudu vya aina yake, ambavyo mara nyingi havimo katika udongo usiowahi kupandwa soya. Ulizia dawa yake ya kuchanganya na mbegu kabla ya kupanda.

ANZA KIDOGO

Jirani zetu wa Nachingwea walishuhudia jambo kubwa. Kuanzia mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilifungua mashamba makubwa ya karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa. Reli ilijengwa kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mpango uliachwa. Sababu zilikuwa nyingi. Moja ni hii: walilima eneo kubwa kabla ya kujaribu udongo na mvua. Trekta haiiamuru mvua.

Wewe anza na robo eka. Andika katika daftari siku uliyopanda, siku ya maua na debe ulizovuna. Mwaka ujao daftari hilo litakuwa mwalimu wako.

LINDA MBEGU

Kausha vizuri juani. Weka katika debe au mfuko usiopitisha hewa, ujaze, ufunge kabisa. Fukusi hawezi kuishi bila hewa. Tenga mbegu ya mwaka ujao kabla ya kuuza na kabla ya kupika. Anayekula mbegu yote leo, Februari atasimama shambani mikono mitupu huku mvua ikinyesha.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mwaka jana mvua ilikoma lini kijijini kwenu?
2. Ukipanda choroko tarehe 1 Machi, maua yatatoka karibu na tarehe ngapi?
3. Mbegu 100 zimeota 50. Utafanya nini?
4. Katika nyumba yako nani atapalilia, na nani ataamua matumizi ya fedha?