Kaboni Ngumu Ndani ya Maji

Swali: Nina karakana ya pampu. Je, shafti ya chuma iliyopakwa kaboni ngumu inaweza kulainishwa kwa maji matupu, bila mafuta?

Jibu: Inaweza, mradi tabaka la kaboni limeshika barabara. Mnato wa maji ni mdogo mno kuliko wa mafuta ya mashine, hivyo utando wake ni mwembamba, na nyuso hugusana hasa pampu inapowashwa na kuzimwa. Hapo ndipo kaboni inapofaa: molekuli za maji hufunga ncha zilizo wazi za atomi za kaboni, nyuso hazing'ang'aniani, na kizigeu cha msuguano mara nyingi hushuka chini ya 0.1.

Hatari kubwa zaidi ni tabaka kubanduka. Maji hupenya kwenye vitundu vidogo, chuma cha chini hushika kutu, na tabaka lenye unene wa mikromita chache hutoka vipande vipande. Vipande hivyo vigumu hukwaruza kila vinapopita.

Kwa hiyo chagua chuma kisichoshika kutu, ing'arishe shafti kabla ya kupakwa, dai tabaka la kati la kromu, na chuja mchanga. Tena usiiwashe kamwe pampu ikiwa kavu.