Jani Moja, Sheria Mbili: Kutafiti Dawa za Kulevya Mpakani



Somo hili nawaandikia hasa mnaotayarisha utafiti wa mwaka wa mwisho. Nimesoma rasimu kadhaa za wenzetu kuhusu dawa za kulevya kwa vijana wa Busia na Tororo, na karibu zote zinaishia kwenye lango la forodha. Mwandishi anahesabu vijana wa Uganda kisha anafunga daftari, ilhali kijana wa bodaboda anavuka mpaka mara kumi kwa siku.

Chukueni mfano wa mairungi. Kenya yanalimwa Meru, na tangu 2016 sheria inayatambua kuwa zao la biashara. Tanzania ni marufuku. Hapa Uganda, Mahakama ya Katiba iliifuta sheria ya awali Mei 2023, Bunge likapitisha nyingine mwaka huohuo, na kuyauza bila kibali ni kosa. Jani lenyewe halijui mpaka. Kemikali yake kuu, kathinoni, hupungua nguvu siku chache tu baada ya kuchumwa. Ndiyo maana hufungwa kwa majani ya mgomba na kusafirishwa mbio.

Sasa uliza pande zote mbili: "Je, unatumia dawa za kulevya?" Wa Kenya atajibu hapana kwa dhati, maana kwake miraa ni biashara halali. Wa huku atajibu hapana kwa kuogopa polisi. Jedwali lako litaonyesha mji safi! Dodoso linalofaa hutaja majina yote, yaani miraa, muguka, jaba na mairungi, kisha huuliza swali lilelile pande zote: wiki iliyopita ulitafuna siku ngapi? Msianze kutunga kila kitu upya. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la ASSIST, lililotengenezwa litumike katika nchi mbalimbali.

Ushirikiano wa namna hii si ndoto. Utafiti wa SEARCH ulianza 2013 katika jamii 32 za vijijini Kenya na Uganda, Tororo ikiwamo. Shabaha yake ilikuwa UKIMWI, lakini watu waliulizwa pia juu ya pombe kwa maswali mafupi yaleyale ya AUDIT-C, hivyo majibu ya nchi mbili yakaweza kuwekwa kwenye jedwali moja. Na huko Mbarara, watafiti wa Uganda na Marekani walipima damu kutafuta PEth, alama ya pombe inayobaki mwilini kwa wiki kadhaa. Wakakuta baadhi ya waliosema hawanywi walikuwa wamekunywa.

Kinga nayo huvuja mpakani. Kenya ilikataza pombe ya viroba 2004, Uganda 2019. Miaka yote hiyo katikati, njia za panya zilikuwa wazi.

Nije kwetu. Tunapenda kusema "si pombe, haina shida", hasa usiku wa kuamkia mtihani. Hukumu ya jani hili wanazuoni wameijadili tangu zama za Ibn Hajar al-Haytami, karne ya kumi Hijria, nami nawaachia masheikh. Ninachokipinga waziwazi ni lile pendekezo la jumuiya kukusanya majina ya wanaotafuna hosteli. Anayehofia kutajwa mbele ya jamaa hatasema kweli, wala hataomba msaada siku atakapouhitaji. Fomu isiwe na jina wala namba ya chumba, na asihoji mtu rafiki yake.

Kuhusu vibali: upande huu ni kamati ya maadili ya utafiti, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Kenya ni NACOSTI. Kimoja hakifanyi kazi ya kingine, na mwanafunzi peke yake atachoka. Tafuteni mwenzenu ng'ambo. Chuo Kikuu cha Alupe kiko Busia ya Kenya, si mbali. Kaeni pamoja mlinganishe maswali, neno kwa neno, kabla rasimu haijapelekwa kwenye kamati yoyote, kwa sababu kibali kikishatoka, kubadilisha hata swali moja ni kurudi kuomba upya.