Debian ya Ofisini: Kuchagua Toleo Thabiti na Kulitunza

Umekabidhiwa kompyuta za shule, za zahanati au za SACCOS yenu, na fundi amekushauri uweke Debian. Ukifungua tovuti ya debian.org utakuta zaidi ya toleo moja, na hakuna hata moja linalouzwa. Lako ni toleo thabiti, ambalo tovutini limeandikwa "stable".

Debian ni mfumo endeshi, yaani programu mama inayoisimamia kompyuta na kuziendesha programu nyingine zote. Windows ni mfumo wa aina hiyohiyo. Tofauti ni kwamba Debian ni programu huria: msimbo wake, yale maandishi ya waundaji, uko wazi, na mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Ian Murdock aliianzisha mwaka 1993, na hadi leo inatunzwa na watu wanaojitolea kutoka nchi nyingi. Huna leseni ya kulipia, uwe na kompyuta moja au mia.

Thabiti maana yake nini? Kwamba likishatoka, haliongezewi mambo mapya. Linazibwa matundu tu. Programu mpya huingia kwanza kwenye tawi linaloitwa sid. Ikikaa huko siku chache, kwa kawaida kati ya 2 na 10, bila kuripotiwa kasoro kubwa mpya, huhamia tawi la majaribio. Kila baada ya miaka miwili hivi tawi hilo hufungwa hatua kwa hatua: yanazuiwa mabadiliko makubwa, kisha programu ambazo hazikuwamo, hadi inafika mahali kila badiliko linahitaji idhini ya timu ya matoleo. Programu ambayo kasoro yake kubwa haijapata wa kuirekebisha inaweza kuondolewa kabisa. Hivyo ndivyo Debian 12, iitwayo bookworm, ilivyotoka tarehe 10 Juni 2023, na Debian 13, trixie, tarehe 9 Agosti 2025.

Je, ucheleweshaji wote huo una faida? Unayo, na mwaka 2024 ilionekana wazi. Katika xz, programu ya kubana mafaili inayotumika karibu katika kila mfumo wa jamii ya Linux, Debian ikiwemo, mtu aliyekuwa amejenga uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili alificha mlango wa siri ambao ungemwezesha kuingia kwenye seva za watu. Mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye mashine yake kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida, akachimba hadi akaupata, na tarehe 29 Machi akautangaza. Wakati huo xz yenye mlango huo ilikuwa imeshafika sid na tawi la majaribio. Toleo thabiti lilikuwa bado na xz ya zamani, halikuguswa. Simaanishi kwamba thabiti haiwezi kuvamiwa, ila ule muda wa kusubiri unawapa watu nafasi ya kuona kabla hatari haijafika kwenye daftari la wagonjwa wako.

Gharama yake ni kwamba programu utakazopata zitakuwa za zamani kidogo. Mhasibu akihitaji LibreOffice mpya zaidi, itafute kwenye hazina ya Debian iitwayo backports, ambamo programu mpya huandaliwa upya ili zikae vizuri juu ya toleo thabiti. Usichanganye programu za sid na toleo thabiti. Mashine nyingi huharibika kwa njia hiyo.

Na usalama? Tundu likigunduliwa, timu ya usalama huchukua marekebisho yale tu na kuyatia kwenye programu ileile ya zamani. Kwa hiyo usishtuke ukiona namba ya toleo haijasogea sana. Ukiwa na mamlaka ya msimamizi, andika "apt update", kisha "apt upgrade", angalau mara moja kwa wiki. Ukiona utasahau, sakinisha kifurushi cha unattended-upgrades, kitafanya kazi hiyo chenyewe. Utalipia bando tu.

Toleo thabiti lina umri. Hupata miaka 3 ya matunzo kamili, kisha miaka 2 ya matunzo ya muda mrefu yanayohusu aina chache za mashine. Trixie itafika katikati ya 2030, bookworm katikati ya 2028. Andika tarehe hiyo ukutani ofisini, maana mashine haitazimika siku ikifika. Itaendelea kufanya kazi huku matundu yake hayazibwi.

Kabla ya kupakua, angalia kama kompyuta ni ya biti 32 au 64; Windows huonyesha hilo kwenye ukurasa wa maelezo ya mfumo. Ikiwa ni 64, chukua trixie. Trixie haina kisakinishi cha biti 32, hivyo kwa kompyuta kongwe za aina hiyo bookworm ndiyo ya mwisho. Faili dogo la kusakinishia, netinst, halifiki GB 1, lakini mengine huyavuta kwenye intaneti wakati wa kusakinisha. Kwa maabara yenye kompyuta nyingi, pakua faili la DVD mara moja, uliweke kwenye flashi ya GB 8, utumie hilohilo kwa zote. Lihakiki kwanza kwa amri ya "sha256sum": herufi na tarakimu zitakazotokea zilingane na zilizo kwenye faili la SHA256SUMS lililo kando yake tovutini.

Kuhama toleo, usiruke. Aliye kwenye Debian 11 apite 12 ndipo aende 13, baada ya kunakili kazi zote kwenye diski ya nje na kujaribu kwenye mashine moja. Kisha fungua /etc/apt/sources.list, faili linaloonyesha masasisho yanatoka wapi. Ukikuta neno "stable", weka badala yake jina la toleo ulilonalo, mathalani "trixie", ili siku Debian 14 itakapotoka kompyuta zako zisihamie huko kabla hujajiandaa.